Nchi ipi ina vidonda sugu vingi zaidi? Tusome hapa kabla ya kupanga jedwali

Mfunga_Bandeji

Habari zenu wadau. Uzi huu ni mrefu, mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa rohoni siku nyingi.

Kila likizuka suala la vidonda sugu, yale ambayo wazee waliyaita donda ndugu, haipiti muda mtu anabandika jedwali la nchi. Hii inaongoza, ile inafuata, ile iko mkiani, basi mjadala umekwisha. Nimesafisha na kufunga vidonda kwa miaka 14, na tafiti za kuhesabu vidonda nazisoma kama wengine wanavyosoma matokeo ya mpira. Nasema wazi: sehemu kubwa ya tofauti tunazoziona kati ya nchi na nchi imetokana na namna watu walivyohesabu. Miguu yenyewe haitofautiani kiasi hicho.

Chukueni Uingereza peke yake. Mwaka 2011 watafiti walihesabu vidonda katika jiji la Leeds, lenye watu wapatao 750,000. Wahudumu wa afya walijaza fomu kwa kila mgonjwa mwenye kidonda aliyekuwa mikononi mwao wakati huo. Walipatikana watu 1.47 katika kila 1,000. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti mwingine, huu wa Wales, uliopekua kumbukumbu za kielektroniki za wagonjwa zilizounganishwa pamoja. Huo ulipata asilimia 6 ya watu wote, yaani 60 katika kila 1,000. Gawanya mwenyewe: mara 40! Kutoka Leeds hadi Wales ni saa chache kwa gari, na huduma za afya zao zimetoka shina moja. Hakuna atakayenishawishi kwamba ukivuka mpaka ule ngozi za watu zinaharibika mara 40 zaidi.

Kilichobadilika ni wavu. Fomu ya Leeds inamnasa mtu mwenye kidonda kilicho wazi wakati ule ule, anayehudumiwa na mtu, na huyo mtu akakumbuka kujaza. Kumbukumbu za kompyuta zinamnasa kila aliyeandikiwa msimbo wa kidonda katika kipindi kinachopekuliwa, hata kama kilishafunga. Wavu wa kwanza una matundu makubwa, wa pili unazoa mpaka majani. Sisemi upi ni mbaya. Ila ukiweka samaki wa nyavu hizi mbili kwenye mizani moja, unachopima ni nyavu.

Sasa tembeeni nje ya hapo. Ujerumani, data za bima ya afya za mwaka 2012 zilitoa karibu asilimia 1, yaani watu 10 katika kila 1,000. Data za bima zinaandikwa kwa ajili ya malipo, kwa hiyo kidonda kikitibiwa lazima kiandikwe. India, utafiti wa mjini na vijijini ambao hunukuliwa kila mahali, uliochapishwa miaka ya 2000, ulipata 4.5 katika kila 1,000. China wanatajwa kwa 1.7 katika kila 1,000, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa: hao 1,000 ni wagonjwa waliolazwa hospitalini, si raia mtaani! Nimeona zaidi ya mara moja namba hiyo ikipangwa safu moja na ya India kana kwamba zimegawanywa kwa kitu kimoja.

Mwaka 2019 kuna watafiti waliokusanya tafiti za nchi mbalimbali na kuzichanganya. Walipata 2.21 katika kila 1,000 kwa vidonda sugu vya aina zote, na 1.51 kwa vidonda vya miguu peke yake. Ni kazi nzuri na ninaiheshimu, lakini tafiti zilizofaa kuingia zilikuwa chache na nyingi zilitoka nchi tajiri. Hiyo 2.21 si wastani wa dunia. Ni wastani wa mahali palipohesabiwa.

Na neno lenyewe “sugu” halijakubaliwa. Mmoja anaanza kuhesabu kidonda kikifika wiki 4, mwingine wiki 6, mwingine miezi 3. Ukiwa na kidonda cha wiki 5, katika utafiti mmoja wewe ni mgonjwa, katika mwingine haupo kabisa.

Karibuni tuchangie.

Nuru_Mwanafunzi

Asante sana mkuu kwa uzi. Umenikuta pabaya, maana naandaa ripoti ya chuo na jedwali langu lilishakamilika, nchi 11, kutoka nyingi kwenda chache 😔

Naomba kuuliza. Kuna nchi nyingi hazina namba yoyote, nimeziacha. Na kuna zile zenye namba ndogo sana. Je, ni kosa kusema kwamba huko tatizo ni dogo, kwa sababu watu ni vijana na hawana magonjwa ya uzeeni?

ZamuYaUsiku

Nuru mdogo wangu, ngoja nikupeleke wodini kidogo kabla mkuu hajajibu.

Niliwahi kufanya kazi sehemu ambayo daftari la wagonjwa lilikuwa na safu moja tu ya ugonjwa. Moja. Mama anakuja, sukari iko juu, presha iko juu, na ana soksi mguu wa kushoto ambayo hataki kuivua. Unamsihi, anaivua polepole, na inatoka na ngozi kwa sababu imegandia. Chini ya kidole gumba kuna tundu unaloweza kutia ncha ya kidole chako. Unalisafisha, unapima kwa rula, unafunga. Kisha unakwenda kwenye daftari, na ile safu moja unaandika nini? Unaandika “kisukari”. Mwisho wa mwezi ripoti inakwenda juu: wagonjwa wa kisukari kadhaa, vidonda sifuri.

Nimeandika “kisukari” namna hiyo mara nyingi mno. Sikudanganya, lakini kidonda kile hakipo mahali popote duniani isipokuwa kichwani mwangu na mguuni kwa yule mama.

Mfunga_Bandeji

ZamuYaUsiku, umesema yote. Na si kwenye daftari za karatasi tu. Uchambuzi wa Uingereza wa mwaka 2012 na 2013, uliotumia kumbukumbu za kompyuta, ulikuta asilimia 30 ya vidonda havikuandikwa vimetokana na nini. Huko ndiko kwenye kompyuta kila meza.

Nuru, kuhusu umri uko sahihi nusu. Vidonda vya vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) na vya kulalia (vya mgonjwa anayelala muda mrefu bila kugeuzwa) hupanda sana uzeeni, kwa hiyo nchi ya vijana itakuwa na vichache ukihesabu kwa jumla. Lakini kuna jambo ambalo jedwali halikuonyeshi, na ndilo lililonifanya nifungue uzi.

Kidonda kinatoka kwenye hesabu kwa milango mitatu. Kinapona. Au mguu unakatwa. Au mwenye mguu anafariki. Utafiti unaohesabu vidonda vilivyo wazi leo hauoni mtu aliyetokea mlango upi. Tafiti zilizofuatilia watu wenye vidonda vya kisukari miguuni zinaonyesha takriban 30 katika kila 100 wamefariki ndani ya miaka 5. Hiyo ni pamoja na wale wa nchi zenye kliniki bora. Sasa fikiria mahali ambapo mtu anafika hospitali kidole kimeshakuwa cheusi na harufu imejaa chumba. Wiki ile ile anakatwa, au anaingiwa na vijidudu kwenye damu na kufariki. Kidonda chake kilikuwa wazi mwezi mmoja. Mwenzake mwenye huduma nzuri anaishi na kidonda chake mwaka mzima, kinafungwa kila baada ya siku mbili, kinapungua taratibu. Siku ya kuhesabu nani ana uwezekano mkubwa wa kukutwa? Yule wa pili, mara 12 zaidi.

Kwa hiyo namba ndogo inaweza kuwa habari njema kabisa, au habari mbaya kuliko zote. Ukiiona peke yake huwezi kujua.

Kokotoa

Nakazia hapo kwa lugha ya takwimu. Idadi ya waliopo na kidonda ni sawa na idadi ya wagonjwa wapya kuzidisha muda ambao kidonda kinakaa wazi. Ukitaka kulinganisha nchi, waliopo peke yao hawatoshi. Tafuta wapya kwa mwaka, tafuta na waliokatwa miguu. Nchi yenye waliopo wachache na waliokatwa wengi haina la kujivunia.

Kuhusu umri kuna dawa yake: unalinganisha watu wa rika moja, 65 hadi 74 kwa 65 hadi 74. Ripoti nyingi hazifanyi hivyo.

Mzee_wa_Hoja

Nimewasoma wote. Nina pingamizi. Mkiendelea hivi mtafika mahali pa kusema hakuna tofauti yoyote ya kweli, kila kitu ni makosa ya kuhesabu. Hicho ni kisingizio ambacho wizara yoyote itakipenda! Nchi yenye hali mbaya itasema “ni wavu wetu tu”. Mimi naamini kuna nchi watu wanaumia zaidi. Zipo au hazipo?

Mfunga_Bandeji

Zipo, mzee wangu, na nashukuru umenibana.

Anza na vidonda vya kulalia. Kulikuwa na uchunguzi wa Ulaya uliochapishwa 2007: hospitali 25, wagonjwa karibu 6,000, nchi tano, fomu moja. Ubelgiji, Italia, Ureno, Sweden na Uingereza. Kwa jumla 18.1 katika kila wagonjwa 100 walikuwa na kidonda cha kulalia, lakini Italia ilikuwa 8.3 na Sweden 23. Wavu ni mmoja, samaki hawalingani. Hiyo ni tofauti ninayoweza kukaa nayo mezani na kuuliza: wagonjwa wana umri gani, wanageuzwa mara ngapi, wamelalia godoro gani.

Pili, angalia aina ya kidonda, hapo ramani inageuka kabisa. Vidonda vya Buruli, vinavyoletwa na bakteria wa ukoo mmoja na wale wa kifua kikuu na ukoma, vimeripotiwa katika nchi 33. Wagonjwa wengi wako Afrika Magharibi: Côte d'Ivoire, Ghana, Benin. Jina limetoka Buruli, Uganda. Kinaanza kama kivimbe kisichouma, na kwa sababu hakiumi mtu anakaa nacho mpaka ngozi imeliwa. Kikiwahiwa kinatibiwa kwa vidonge, rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8. Sasa nani mwingine anacho kwa wingi? Australia, jimbo la Victoria, zaidi ya wagonjwa 300 mwaka 2023. Mwaka 2024 watafiti wa huko walichapisha ushahidi kwamba mbu ndio wanaokiambukiza katika eneo hilo.

Nimeitaja Australia kwa makusudi. Kuna uchambuzi wa 2017 wa vidonda vya miguu kwa watu wenye kisukari duniani. Kwa jumla 6.3 katika kila 100. Ubelgiji ndiyo iliyokuwa juu kabisa, 16.6, na Australia chini kabisa, 1.5. Nchi ile ile! Mkiani kwa kidonda cha kisukari, na kwa Buruli iko miongoni mwa nchi zinazoongoza. Ukijumlisha vyote ukaandika “vidonda sugu, Australia” unapata namba isiyomsaidia mtu yeyote, wala daktari wa kisukari wala anayepambana na mbu.

Tatu, sababu zinahama. Uchunguzi wa hospitali za China wa miaka ya 1990 ulikuta majeraha ndiyo chanzo cha theluthi mbili ya vidonda sugu, na kisukari hakikufika hata asilimia 5. Uchunguzi wa 2007 na 2008, kisukari kimepanda hadi kama theluthi. Kama miaka 10 tu! Anayetumia jedwali la zamani ataagiza vifaa vya kutibu majeraha wakati foleni imejaa watu wenye ganzi miguuni kwa sababu ya kisukari.

Mzee_wa_Hoja

Hapo nimekuelewa. Ila hiyo ya Ubelgiji 16.6 mbona sijaridhika nayo?

Kokotoa

Usiridhike, mzee. Katika uchambuzi huo huo Ulaya nzima ni 5.1 na Afrika 7.2. Nchi moja ya Ulaya kuwa mara tatu ya bara lake ni ishara ya kuuliza wagonjwa walitolewa wapi. Ukihesabu ndani ya kliniki ya rufaa utakuta vidonda vingi, maana vidonda ndivyo vilivyowapeleka hapo.

Na hiyo 7.2 ya Afrika nayo isomwe kwa tahadhari. Shirikisho la kimataifa la kisukari lilikadiria mwaka 2021 kwamba asilimia 54 ya watu wazima wenye kisukari barani Afrika hawajui kwamba wanacho. Asiyejua ana kisukari, kidonda chake hakiwezi kuhesabiwa kuwa cha kisukari. Kinaitwa kidonda tu, au jipu, au “msumari ulinichoma”.

ZamuYaUsiku

Niongeze kuhusu vidonda vya kulalia na ngozi. Daraja la kwanza la kidonda cha kulalia bado ngozi haijachanika. Vitabu vinasema tafuta wekundu usiofifia ukibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo mara nyingi hauuoni. Nimefundishwa na mzee mmoja wa wodi kuweka mgongo wa mkono juu ya kisigino, kisha juu ya tako, nikilinganisha na pembeni yake. Panapoanza kuharibika kuna joto zaidi, au pamekuwa pagumu kama ubao, au pabonyefu kama embe bovu. Rangi nayo inaweza kuwa zambarau au nyeusi zaidi ya jirani yake.

Sasa nchi ikihesabu daraja la kwanza kwa kuangalia wekundu tu, wagonjwa wake weusi wanaonekana wazima. Siku wanaonekana ni siku ngozi imeshafunguka.

Binti_wa_Mama

Sikupanga kuandika ila nimeshindwa kupita kimya.

Mama yangu alikuwa na kidonda juu ya kifundo cha mguu, upande wa ndani, miaka miwili na miezi. Sehemu tuliyokuwa tukienda walikuwa wanampaka dawa na kumpa antibayotiki, wanamfunga shashi nyepesi, anarudi baada ya siku tatu. Kila mara kwenye karatasi wanaandika “kubadilisha dawa ya kidonda”. Hakuna aliyewahi kuandika kinatokana na nini. Tulipompeleka kwingine, muuguzi alimpima presha ya mkono na ya kifundo cha mguu kwanza, akasema damu inashuka vizuri, tatizo ni vena hazirudishi damu juu. Akamfunga bandeji ya kubana, tabaka juu ya tabaka, kutoka kwenye vidole hadi chini ya goti. Wiki ya kwanza uvimbe ulishuka mpaka kiatu kikamwingia. Kilifunga baada ya miezi minne.

Nimesoma hayo ya wapya mara muda, nikahesabu. Miaka miwili mama alikuwa anaongeza namba ya nchi kila siku, kwa kidonda cha miezi minne. Hiyo nayo si tofauti kati ya nchi? Nani ana bandeji na nani anajua kuifunga?

Mfunga_Bandeji

Ndiyo dada yangu, hiyo ni tofauti ya kweli kabisa, na pole sana kwa hiyo miaka miwili. Umesaidia na wengine kwa kutaja kile kipimo cha presha ya mguu. Msiruke hatua hiyo, kwa sababu bandeji ya kubana kwenye mguu ambao ateri zake (mishipa inayopeleka damu mguuni) zimeziba inaweza kuua mguu.

Ulichoandika kina ushahidi mkubwa. Sweden kuna eneo linaitwa Skaraborg. Walihesabu vidonda vya miguu mwaka 1988, wakaanzisha mpango mpana wa kutafuta chanzo cha kila kidonda na kukitibu chanzo hicho, kisha mwaka 2002 wakahesabu tena katika eneo lile lile. Kutoka karibu 3.1 katika kila 1,000 wakashuka hadi 2.4. Vidonda vya vena, kama cha mama, vilipungua kwa karibu nusu. Na watu walikuwa wamezeeka zaidi, siyo kwamba walikuwa vijana.

Ulinganisho huo ndio ninaouamini kuliko wa jedwali lolote la nchi 11. Nchi ijilinganishe na nafsi yake ya jana, kwa wavu ule ule.

Nuru_Mwanafunzi

Nimerudi. Nimekaa na ripoti tangu jana jioni.

Safu ya “nafasi” nimeifuta. Nimegawa jedwali kuwa manne: vidonda vya kulalia, vya kisukari, vya vena, na vya maambukizi kama Buruli na ukoma. Kila namba nimeiwekea pembeni mambo matatu: wamegawanya kwa watu gani, kidonda kinahesabika kikiwa cha wiki ngapi, na walihesabu siku moja au mwaka mzima. China imehamia kwenye waliolazwa. Leeds na Wales nimeziweka safu moja, moja juu ya nyingine, na maelezo yake.

Zile nchi zisizo na namba nimezirudisha. Nimeandika majina yao na kuacha kisanduku wazi, sikuandika sifuri. Msimamizi ameuliza kwa nini nina visanduku vitupu vingi hivyo, nimemsomea ujumbe wa ZamuYaUsiku.

ZamuYaUsiku

Kwenye daftari la hapa nilipo sasa nimepiga mstari kwa rula, nimepata safu ya pili. Nimeandika juu yake: kidonda, wapi, tangu lini. Leo wameingia watatu.